Chakula Cheupe cha Mjini

Leo twataka kuzungumza habari za jambo ambalo kila mtu analijua, kwa maana hapana mtu asiyekula. Habari za vita na za wafalme mmekwisha kuzisikia mara nyingi. Lakini historia haikai katika majumba ya wafalme tu. Hukaa pia jikoni, katika kinu na mchi, katika chungu na sufuria. Mtu akijua kuyasoma yaliyomo katika sufuria ya watu fulani, aweza kujua walifanya biashara na nani, walimheshimu nani, na hata walipatwa na maradhi gani.

Swali letu ni hili: Kwa nini mtu aliyetoka shamba, akiingia mjini, hutamani chakula cheupe?

Mtazameni kijana afikaye mjini mara ya kwanza kutafuta kazi. Katika miezi yake ya kwanza ulimi wake hupata elimu upesi kuliko macho yake. Asubuhi hujua chai yenye sukari nyingi na maandazi. Mchana hujua wali. Jioni hujua chapati, na mkate wa boflo, na viazi vya kukaanga vilivyochanganywa na mayai, na ugali wa sembe ulio mweupe kama pamba. Vitu hivi alivijua kwao pia, lakini alivijua kwa siku ya arusi, au ya sikukuu, au alipokuja mgeni. Mjini huviona kila siku vikiuzwa njiani. Kwa hiyo hudhani ya kuwa mjini sikukuu haina mwisho.

Kisha siku moja hurudi kwao kuwaamkia wazee. Hutengewa ugali wa mtama, au wa ulezi, au mihogo ya kuchemsha. Hukunja uso, akasema, “Mimi siku hizi chakula hiki chanisumbua tumbo.” Mama yake hanyamazi kwa kuwa hana la kusema, hunyamaza kwa haya. Kisha huenda dukani kukopa mchele, na deni lile hulilipa muda mrefu baada ya mgeni wake kwenda zake. Sisi tufundishao walimu wa kesho twaona mambo kama haya hata chuoni, maana vijana watokao wilaya mbalimbali huanza kuchekana kwa ajili ya chakula kabla hawajachekana kwa jambo lingine. Basi yafaa tujue tamaa hii ilianza wapi, na imewafikisha watu wapi.

Mtu asidhani ya kuwa tamaa ya chakula cheupe ililetwa na mashine au na Wazungu. Ni ya zamani sana katika pwani yetu. Kaskazini ya kisiwa cha Pemba kuna mahali pawili palipo jirani: pa kwanza paitwa Tumbe, na pa pili Chwaka. Wataalamu wa mambo ya kale wamepachimba, na udongo wake wakautia katika maji, ili punje za nafaka zilizoungua moto zamani zielee juu. Kwa kuwa punje iliyogeuka kaa haiozi. Katika udongo wa Tumbe, ambako watu walikaa tangu karne ya 7 hata ya 10, nafaka iliyoonekana zaidi ni uwele. Lakini katika udongo wa Chwaka, mji uliokua tangu karne ya 11, nafaka iliyozidi ni mpunga. Watu wa mahali pamoja, katika ardhi ile ile, waliuacha uwele wa Afrika wakashika mpunga, ambao asili yake ni Asia, nao uliletwa kwa bahari.

Kwa nini walifanya hivi? Mpunga una kazi nyingi kuliko uwele, tena wataka maji mengi. Lakini Chwaka ulikuwa mji wenye misikiti ya mawe na wafanya biashara waliopokea wageni wa mbali. Wachunguzi wa mambo hayo wafikiri ya kuwa wali ulikuwa chakula cha karamu na cha heshima. Mwenye kuweza kumtandikia mgeni sinia ya wali alijulikana kuwa mtu wa mjini, mwenye mali na ustaarabu. Basi tangu zamani zile chakula cheupe hakikuwa cha kushibisha tumbo tu, kilikuwa pia cha kusema, “Nitazameni, mimi si mtu duni.”

Tunaye na shahidi aliyeona kwa macho yake. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, alipita pwani hii mnamo mwaka 1331. Alipofika Mogadishu alikaribishwa kama mgeni wa heshima, na habari za chakula alichopewa alizihadithia kwao baada ya miaka mingi. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli, katika chombo kikubwa cha mti. Pamoja na wali vililetwa vitoweo vya kuku, na nyama, na samaki, na mboga. Kando yake palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, na maziwa ya kuganda, na achari ya ndimu na ya pilipili, na tangawizi mbichi, na maembe. Mwenye kula alitwaa tonge la wali, akafuatisha kidogo cha achari. Msafiri huyo alistaajabu kuona jinsi watu wa mji ule walivyokula sana na walivyonenepa.

Alipofika Mombasa akaandikisha jambo jingine la maana. Alisema ya kuwa watu wa kisiwa kile hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka pwani ya bara, na chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Twaona basi ya kuwa karibu miaka 700 iliyopita mji ulikuwa kama ulivyo sasa: mahali pa watu wasiolima, walao jasho la mkulima aliye mbali.

Tafadhali liwekeni jambo moja la sinia ile moyoni, kwa maana tutalirudia. Wali ulikuwa katikati, lakini haukuwa peke yake. Ulizungukwa na kitoweo, na mboga, na maziwa, na matunda. Aliyekula vile alikula weupe pamoja na vyote vinavyoukamilisha.

Sasa tuiache pwani yetu kidogo, tuvuke bahari hata Japani, kwa sababu huko ndiko tamaa hii ilikofikia mwisho wake, na mambo yake yote yameandikwa. Mwaka 1603 mtawala mmoja, jina lake Tokugawa Ieyasu, alianza kutawala nchi ile kutoka mji wa Edo, ambao tangu mwaka 1868 waitwa Tokyo. Mji ule ulikua upesi sana, na katika karne ya 18 watu wake walizidi 1,000,000. Tangu mwaka 1635 sheria iliwalazimisha wakuu wa majimbo kukaa Edo kwa zamu, mwaka hata mwaka, na kila mkuu alikuja na kundi kubwa la askari na watumishi wake. Hivyo mji ulijaa wageni watokao mashamba.

Huko kwao watu wengi walikula shayiri na uwele na mchele usiokobolewa sana, wenye rangi ya hudhurungi. Lakini Edo walikuta mchele uliotwangwa hata ukawa mweupe kabisa. Askari walilipwa mishahara yao kwa mchele, na barabarani walipita watu wakibiringisha vinu vyao, wakiita wenye nyumba walete mchele wao ukobolewe. Kula wali mweupe kila siku ndiyo ilikuwa fahari ya mtu wa Edo. Hata fundi na mchukuzi waliweza kuupata, nao waliringa mbele ya jamaa zao wa shamba.

Ndipo ulipozuka ugonjwa wa ajabu. Miguu ya mtu ilikufa ganzi na kuvimba, nguvu zikamwishia, moyo ukamwenda mbio, na wengine wakafa. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mgonjwa akirudi kwao shamba, mara nyingi alipona bila dawa; akija tena mjini, ugonjwa ulimrudia. Kwa hiyo watu waliuita “Edo wazurai”, maana yake ugonjwa wa Edo. Wengine walidhani ni hewa ya mji, wengine walidhani ni unyevu wa ardhi. Hata majumba ya watawala hayakusalimika. Tokugawa Iemochi, mtawala wa 14 wa jamaa ile, alikufa mwaka 1866 akiwa kijana wa miaka 20, na waandishi wa historia wasema ya kuwa ugonjwa uliomwua ni huo huo, ambao sisi twauita beriberi.

Miaka ilipita, na ugonjwa ukaingia katika manowari za Japani. Mwaka 1883 manowari moja, jina lake Ryujo, ilirudi kutoka safari ndefu ya bahari. Katika mabaharia wake 376, waliougua beriberi walikuwa 169, na 25 walikufa. Daktari mkubwa wa manowari zile, Takaki Kanehiro, aliyekuwa amesoma udaktari London, aliuchunguza mlo wao. Akaona ya kuwa serikali iliwapa mabaharia mchele mweupe bure, na fedha kidogo za kununulia kitoweo. Lakini wengi wao walikuwa watoto wa maskini. Walikula wali mtupu, na fedha za kitoweo waliziweka akiba au kuwapelekea wazazi wao.

Ndugu zetu, tulitafakari jambo hili. Mabaharia wale hawakuwa wajinga wala walafi. Walikuwa watoto wema, waliowakumbuka mama zao. Walitwaa chakula cheupe, wakaacha kitoweo, kwa kuwa weupe ulikuwa bure na kitoweo kilikuwa fedha. Na kwa ajili hiyo walikufa.

Mwaka 1884 Takaki alipeleka manowari nyingine, jina lake Tsukuba, kwa njia ile ile, lakini mlo aliubadili, akawapa nyama na maziwa na mkate na vyakula vinginevyo. Waliougua walikuwa wachache tu, wala beriberi haikumwua hata mmoja. Tangu mwaka 1885 mabaharia walipewa mchele uliochanganywa na shayiri. Lakini wakuu wa jeshi la nchi kavu hawakusadiki, na askari wenyewe waliupenda wali mweupe. Katika vita vya Japani na Urusi vya mwaka 1904 na 1905, askari wa Japani zaidi ya 20,000 waliuawa na beriberi, si na risasi.

Sababu yenyewe ilianza kujulikana katika kisiwa cha Java, kwa njia ya kuku. Daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa na kuku wa kufanyia uchunguzi, na kuku wale walikuwa wakipewa makombo ya wali mweupe wa hospitali ya askari. Wakapooza miguu. Akaja mpishi mpya, akakataa kuwapa kuku wa raia wali wa askari, nao wakapewa mchele usiokobolewa; kuku wakapona. Hivyo ikaonekana ya kuwa katika ile wishwa iliyopepetwa ikatupwa mlikuwa na kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila yake. Baadaye wataalamu walikitoa kitu kile, wakakiita tiamini, nacho ni moja katika vile viitwavyo vitamini. Mwaka 1929 Eijkman alipewa tuzo ya Nobel. Kwa muda wa zaidi ya miaka 200 watu wa mji mkubwa kuliko yote katika nchi ile walikuwa wakitupa dawa yao, na kula ugonjwa wao, na kujisifu.

Sasa turudi kwetu, tutazame jinsi weupe ulivyoacha kuwa wa karamu ukawa wa kila siku. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na ziwa la Nyanza mwaka 1901. Wafanya kazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na katika posho zao mlikuwa na mchele na unga wa ngano na dengu na samli. Wafanya biashara wa Kihindi walikuwapo pwani tangu zamani, lakini sasa maduka yao yaliifuata reli hata bara, na chapati ikayafuata maduka. Mwaka 1908 Lord Delamere alianzisha kampuni ya kusaga ngano, akaiita kwa neno letu wenyewe, yaani Unga.

Mahindi nayo yana safari yake. Asili yake ni Meksiko, na Wareno ndio waliozoea kuyachukua kutoka Amerika na kuyaeneza katika pwani za Afrika baada ya mwaka 1500. Kwa miaka mingi yalikuwa zao dogo tu kando ya mtama na uwele, nayo yalikuwa ya rangi nyingi: meupe, ya njano, mekundu, hata yenye madoadoa. Lakini mashamba makubwa ya walowezi yalipoanza, ilipandwa mbegu nyeupe iliyopitia Afrika ya Kusini, na mfanya kazi alipimiwa posho ya unga wake, yapata ratili 2 kwa siku. Neno lenyewe “posho”, lililokuwa na maana ya chakula apimiwacho mtu, katika nchi nyingine likawa jina la ugali.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1914 hata 1918. Wapagazi waliochukuliwa na majeshi ya Waingereza katika vita vile wakadiriwa kuwa kama 1,000,000. Wengi walikuwa wamezoea ndizi, au mtama, au viazi. Wakapewa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya, wala nafasi ya kuupika vizuri hawakuwa nayo. Wakaumwa na matumbo, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa maradhi. Jina la kikosi chao la Kiingereza lingali midomoni mwetu: ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi. Yafaa kukumbuka ya kuwa mahali pale pajulikanapo leo kwa soko na wingi wa vyakula pana jina la watu walioteswa kwa chakula. Waliorudi walirudi wameuzoea ugali wa mahindi, na katika sehemu nyingi mtama ukaanza kupungua mashambani.

Mtu aweza kuuliza, “Je, mama zetu wa zamani hawakujua unga mweupe?” Walijua sana. Walitwanga, wakapepeta, wakaloweka, wakatwanga tena, hata unga ukawa mweupe. Lakini kazi ile ilikuwa nzito, na kwa hiyo ilifanywa kwa ajili ya siku kubwa. Jasho la wanawake ndilo lililokuwa mpaka. Ilipokuja mashine ya kukoboa na kusaga, mzigo ule uliondolewa mabegani mwa mama zetu, na kwa hili twashukuru. Lakini mpaka nao uliondoka. Tangu hapo mtu yeyote mwenye senti chache aliweza kula sembe ya sikukuu asubuhi na jioni, mwaka mzima. Na pumba na kiini, penye sehemu kubwa ya vitamini, vikawa chakula cha ng’ombe na kuku.

Mahindi yana funzo jingine. Watu wa Meksiko tangu kale huyachemsha mahindi katika maji ya chokaa au ya majivu kabla ya kuyasaga. Desturi hiyo hufungua ndani ya punje vitamini moja iitwayo niasini, ambayo pasipo hivyo mwili hauwezi kuipata vyema. Mahindi yalipovuka bahari, mbegu ilisafiri lakini ujuzi wa jikoni ulibaki. Basi maskini wa Ulaya walipoanza kula mahindi matupu walipatwa na ugonjwa wa ngozi na wa akili uitwao pelagra, ambao Gaspar Casal, daktari wa Hispania, alieleza dalili zake mwaka 1735. Wala jambo hili si la mbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra, watu zaidi ya 18,000, baada ya karanga kukosekana katika posho yao ya unga wa mahindi. Karanga tu! Kile kitu kidogo cha kando ya sahani, ambacho mtu hukidhani si chakula, ndicho kilichokuwa ulinzi wao.

Mkumbuke sasa sinia ya Mogadishu. Hatari haikuwa katika wali. Hatari ni kuutwaa weupe uliokuwa katikati ya sinia na kuacha vyote vilivyouzunguka.

Na tamaa ya weupe yaweza kumfanya mtu adharau hata kitu kilicho bora. Katika miaka ya 1970 na 1980, mvua zilipokosekana, mahindi ya njano yaliletwa kwa meli kutoka Marekani. Huko Tanzania watu waliuita unga wake “unga wa Yanga”, kwa mfano wa rangi ya wachezaji wa timu ile ya mpira. Kenya nayo iliyapokea mahindi ya njano katika ukame wa mwaka 1984. Waliokula walikula kwa sababu ya shida, wakinung’unika, na wengi wakasema ni chakula cha ng’ombe. Lakini ile rangi ya njano iliyochukiwa ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, iliyo ulinzi wa macho ya watoto. Na mahindi meupe hayana rangi ile. Ulimi ulihukumu kwa jicho, nao ukahukumu vibaya.

Siku hizi mambo yameanza kugeuka, na ugeuzi wake wachekesha kidogo. Mjini Dar es Salaam wenye nafasi huulizana ni wapi wauzapo dona safi, yaani unga usiokobolewa. Madaktari huwaambia wenye ugonjwa wa sukari wapunguze vyakula vilivyokobolewa. Unga wa mtama na wa ulezi hutiwa katika mifuko mizuri, ukauzwa ghali kuliko sembe, na watoto wa matajiri hunyweshwa uji wa ulezi ambao jana uliitwa chakula cha washamba. Serikali nazo zimeingia kati: Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2011, na Kenya mwaka 2012, kwamba unga wa viwandani utiwe madini na vitamini. Ni jambo jema. Lakini tazameni safari yetu: kwa mashine moja twaondoa, na kwa mashine ya pili twarudisha.

Haifai mtu asikie haya akaenda kumlaumu mchukuzi wa sokoni alaye ugali mweupe na maharagwe kidogo, au chai na maandazi mawili mpaka jioni. Yeye ni ndugu wa wale mabaharia wa Japani: mshahara wake wafika kwenye weupe, haufiki kwenye kitoweo, na kilichobaki humpelekea mama yake. Asemaye na mtu kama huyo habari za vitamini, asiseme naye habari za ujira, amesema nusu ya maneno.

Lakini liko lililo katika mikono yetu. Ninyi mkaao shamba, msione haya kwa mtama wenu na ulezi wenu. Mchicha na kisamvu na majani ya kunde, dagaa, karanga, choroko na maziwa ya kuganda, hivi ndivyo vilivyoizunguka sinia ya watu wakubwa tangu kale. Mgeni wenu akitoka mjini, mpeni hivyo bila kukopa. Na ninyi vijana mtakaokwenda mjini, kuleni wali, kuleni chapati, mfurahi. Kwa kuwa kila chakula kilikuwa mgeni siku moja, hata mahindi na mihogo mnayoiita ya babu zenu. Ila shilingi ikiwa moja, msiimalize yote kwa weupe. Igaweni, mboga nayo ipate sehemu yake.

Wazee wa pwani walisema, “Kipya kinyemi, ingawa kidonda.” Walikuwa wakiujua mji, na walikuwa wakiujua ulimi wa mwanadamu. Basi safari nyingine mtu akicheka sahani ya mwenzake kwa kuwa si nyeupe, mwulizeni kwa upole kama amepata kusikia habari za ugonjwa wa Edo. Na kama hajasikia, mketi naye mle pamoja, mkamweleze.